Mashine ya GPS inaniingiza majikoni mwa watu Mji Mkongwe, nisaidieni

KambaNaMambo:
Assalaam alaykum wakubwa. Napima mifuniko ya mitaro kwenye vichochoro vya Kiponda na Hurumzi. Naweka mashine juu ya mfuniko, nasubiri, nachukua. Jioni nikifungua ramani, mifuniko minne imo ndani ya nyumba za watu, mmoja naona umekaa jikoni kabisa. Forodhani, penye uwazi, mashine hiihii haina neno. Na programu ya kutabiri setilaiti ilisema saa nne asubuhi zipo tele. Mbovu mashine au mimi?

YakheWaMalindi:
Mashine nzima, yakhe. Programu imekuhesabia mbingu tupu, haijui kama umebanwa na kuta za ghorofa tatu. Iambie pembe ya kuta zako, yaani ukuta umepanda kiasi gani mbinguni ukiutazama kutoka ulipo, kila upande na yake. Kichochoro kikielekea kaskazini na kusini, zilizo mashariki na magharibi umeshazikosa. Hesabu tena uone zinabaki ngapi.

KambaNaMambo:
Lakini skrini inaonyesha setilaiti 14! Si wanasema nne zinatosha?

BintiRamani:
Hapo ndipo tunapoumia wengi. Kuwemo kwenye skrini haina maana ishara imekuja moja kwa moja. Inagonga ukuta wa jirani ndiyo ije kwako, na kwa ule mzunguko mashine inadhani setilaiti iko mbali zaidi. Tazama nguvu ya ishara. Penye uwazi, setilaiti iliyo juu hufika 40 dB-Hz na kupita. Ukiona umesimama tu na namba inaruka 38, 22, 31, huo ni mwangwi, setilaiti hiyo itoe kwenye hesabu. Halafu zile nzuri zote zimejipanga kwenye ukanda mmoja wa mbingu kufuata njia, kwa hiyo kosa linakwenda ubavuni, kwenye kuta. Ndiyo ukafika jikoni.

KambaNaMambo:
Kumbe! Basi kesho saa nne narudia, nikipata vilevile nitajua ni sawa.

YakheWaMalindi:
Usithubutu! Setilaiti za GPS kesho zitapita palepale, zimewahi dakika 4 tu. Utapata kosa lilelile ufurahi. Rudi saa nyingine kabisa.

BabuTepu:
Mwanangu, chukua pointi mbili penye uwazi mwanzo na mwisho wa njia, vichochoroni ingia na tepu.

KambaNaMambo:
Shikamoo babu. Nimerudi leo saa kumi alasiri: mfuniko wa jikoni umetoka, umefika barazani. Bado kama mita mbili. Kesho nabeba tepu.