Mwongozo wa mmap kwa waandishi wa draiva: tuanze na remap_pfn_range, dma_mmap_coherent au fault?

chembe_moja: Wakuu, habari za kazi. Nimekabidhiwa kuandika mwongozo wa mitego ya mmap (kuiwezesha programu kuona kumbukumbu ya kerneli au ya kifaa moja kwa moja) kwa wenzetu wanaoanza kuandika draiva za Linux. Ijumaa natakiwa niseme njia ipi ifundishwe kwanza: remap_pfn_range (kupanga kurasa zote kwa mkupuo), dma_mmap_coherent (ya bafa za DMA), au kujaza ukurasa mmoja mmoja kwa fault, programu inapougusa. Mimi naelekea remap_pfn_range, ni mstari mmoja tu. Mnasemaje?

Nyundo64: Mstari mmoja unaoweza kumwachia mtumiaji kumbukumbu yote ya mashine usipokagua vm_pgoff (mahali programu iliomba ramani ianzie) na ukubwa wa eneo. Kwanza sema, hiyo kumbukumbu imetoka wapi? vmalloc (kurasa zilizotawanyika kwenye RAM), dma_alloc_coherent (bafa ya DMA), au ni rejista za kifaa? Prosesa gani? Kerneli toleo lipi? Unaomba dawa hujataja ugonjwa.

chembe_moja: Samahani mkuu. Bafa za DMA (kumbukumbu ambayo kifaa husoma na kuandika chenyewe), na kadi nyingine zina rejista pia. x86 kwa sasa, ARM inakuja.

mama_wa_bafa: Hapo kwenye "ARM inakuja" ndipo penye kazi. Niliwahi kurithi draiva ya kadi ya kunasa picha. Aliyeiandika alichukua anwani aliyopewa na dma_alloc_coherent, akaipitisha kwenye virt_to_phys (inayogeuza anwani ya kerneli kuwa anwani halisi ya RAM), akaikabidhi remap_pfn_range. Kwenye x86 ikakubali, maana kumbukumbu ile kwa kawaida huwa kwenye eneo ambalo kerneli imelipanga moja kwa moja, hesabu inatoka sawa. Tukahamia bodi ya ARM ambayo DMA yake haioni kache, na huko kerneli ikawa inarudisha anwani ya eneo la vmalloc. virt_to_phys haikatai. Usipowasha CONFIG_DEBUG_VIRTUAL hailalamiki hata kidogo, inakupa namba tu. Programu ikawa inasoma kurasa za wenyewe: nusu ya picha takataka, katikati maandishi ya logi. Na ramani yenyewe ilikuwa ya kuandikika! Tukalaumu kadi, tukalaumu kebo, tukabadilisha lenzi. Kumbe dawa ni dma_mmap_coherent. Na mwandishi hakuacha komenti hata moja.

Nyundo64: Ongeza hili: dma_addr_t (anwani ya DMA unayopewa pamoja na bafa) siyo anwani halisi ya RAM. Penye IOMMU (kitafsiri anwani cha vifaa) ile ni anwani inayoonwa na kifaa peke yake.

kache_sifuri: Mnajitesa. Wekeni pgprot_noncached (ramani isiyo na kache) kila mahali, mlale.

mama_wa_bafa: Kwa rejista, sawa. Kwa RAM ya kawaida, hapana. Kerneli tayari ina ramani yenye kache ya ukurasa uleule, wewe unaongeza ya pili isiyo na kache. Kwenye ARM huna uhakika utasoma nini.

kache_sifuri: Sijawahi kuona shida hiyo.

Nyundo64: Kwa sababu uko x86. Halafu kusoma fremu nzima bila kache, utasubiri sana.

fundi_kimya: Mimi niko upande wa fault. remap_pfn_range inaweka bendera za VM_IO na VM_PFNMAP, kwa hiyo get_user_pages (kerneli kushika kurasa za programu) inagoma. Mtu akitaka kuandika bafa ile diskini kwa O_DIRECT (bila kupitia kache ya kerneli) anapata kosa la EFAULT (anwani mbaya), anabaki kushangaa. Ukijaza kurasa zenye struct page zake (rekodi ya kerneli ya kila ukurasa), inapita. Ila angalieni, mifano mingi ya mtandaoni bado ina nopage, iliyoitangulia fault, na fault iliingia kerneli 2.6.23. Tangu 4.11 inapokea vmf (muundo wenye habari za ukurasa ulioguswa) pekee.

Nyundo64: Kwa matoleo, vma->vm_flags (bendera za vma, yaani eneo la ramani la programu) haiandikwi moja kwa moja tangu 6.3, unatumia vm_flags_set. Chembe, toleo bado hujalitaja.

chembe_moja: 5.15 kwa wateja wengine, 6.6 kwa wengine. Naona bora niugawe mwongozo kwa chanzo cha kumbukumbu, siyo kwa jina la funksheni.

mama_wa_bafa: Sasa tunaelewana. Lakini ukae pamoja na msimbo. Hati ikikaa mbali hakuna anayeirekebisha.

kache_sifuri: Nani anasoma hati? Komenti zinatosha.

fundi_kimya: Komenti gani itakwambia kuwa open ya vm_ops (funksheni za draiva kwa ramani hiyo) haiitwi kwenye mmap ya kwanza? Inaitwa mchakato ukifanya fork, au ramani ikigawanyika. Watu wanahesabu watumiaji humo, hesabu inapungua moja, bafa inaachiliwa ingali inatumika.

chembe_moja: Kwa hiyo mmap yenyewe iite open mwishoni? Na mtu akifanya munmap ya nusu ya eneo je?

Nyundo64: Hapo vma inagawanyika, open moja, close moja. Weka funksheni yenu ya mmap hapa tuione, yote, siyo kipande.