Amefuta msimbo wangu, akarudisha split(""), kisha mbele ya mteja ananiuliza kama najua kukata jina

Ndugu wanajamvi,

Nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja.

Kazi ilikuwa kuchukua herufi ya kwanza ya jina la mteja na kuiweka ndani ya duara la wasifu. Kwa kuwa wafanyabiashara wetu wengi huanza majina yao kwa bendera ya Tanzania, nililikata jina kwa Intl.Segmenter, zana ya kukata maandishi katika JavaScript (lugha ya programu za kurasa za wavuti), ambayo huihesabu bendera hiyo kuwa alama moja. Yeye akaifuta, akaandika kwamba ni mbwembwe, akarudisha split(""). Hiyo katika JavaScript hukata kwa vipande vya biti 16, na bendera yetu, ambayo kwa ndani ni T na Z za pekee zilizoshikana, ina vipande 4. Ukichukua cha kwanza, umebeba nusu ya T, kitu ambacho hakuna fonti duniani inayoweza kukichora.

Leo mteja amefungua ukurasa, na palipopaswa kuwa na bendera pakasimama alama ya kuuliza, kubwa kama mlango wa godauni. Ndipo yule bwana akanigeukia mbele ya watu wote: "Kijana, hata kukata jina hujui?"

Hata kukata jina sijui! Mstari ni wake, saa na dakika zimo kwenye historia ya mabadiliko, na bado mimi ndiye nisiyejua kukata jina!

#2 Pole sana, ndugu. Huyo huyo alinifutia Array.from, njia nyingine ya kukata maandishi, eti ni ndefu.

#3 Array.from nayo isingemwokoa. Bendera ingetoka vipande 2 na duara lingebaki na T peke yake. Ila mleta uzi, ungeandika jaribio moja la kiotomatiki lenye bendera, mabadiliko yake yangekwama mapema. Unalia nini?

Mleta uzi Jaribio nililiandika. Alilifuta pamoja na msimbo, kisha akaniuliza kama najua kukata jina!

#4 Nyinyi mna nafuu. Kwenye PHP, lugha nyingine ya programu, amri ya str_split hukata baiti kwa baiti, na majina ya Kiarabu ya wateja wetu wa Oman yalitoka nusunusu yote, kwa sababu kila herufi hukaa kwenye baiti 2. Dawa yake, mb_str_split, ilikuja na toleo la 7.4, seva yetu bado ni 5.6.

#5 Mimi nina mchezo wa maneno kwa watoto, unaokata neno herufi kwa herufi. Hiyo Segmenter, hata ukiiambia lugha ni Kiswahili, inakata ng'ombe vipande 7, wakati mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba ng' ni sauti moja.

#6 Na simu nyingine huweka ’ iliyopinda badala ya ' iliyonyooka. Je, dh, gh na sh umezifanyaje?

#5 Nimeziorodhesha zikatwe kwanza. Zote zimekubali, isipokuwa jina la Is-haka: wengi huliandika bila kistari, na sh yangu inalimeza.