Mrejesho: mafuta ya mapishi ya Kihindi kwa baba mkwe

Wadau, niliwauliza nitumie mafuta gani kwa dali, sambusa na mboga za Kigujarati anazopenda baba mkwe, baada ya daktari kumwambia apunguze lehemu (kolesteroli). Asanteni sana, hasa dada aliyenishauri niache kutafuta chupa moja ya kila kitu.

Sasa mapishi ya kila siku natumia mafuta ya karanga yaliyosafishwa. Gujarat kwenyewe ndiyo mafuta yao ya asili. Yanahimili moto na hayafuniki ladha ya viungo. Samli sikuiacha, ila imebaki ya kuungia dali tu. Napasha kijiko kimoja cha chai, natia mbegu za haradali, zikianza kurukaruka naongeza bizari nyembamba na mvuje kidogo, kisha namwagia kwenye dali papo hapo. Harufu ya samli inajaa nyumba nzima, na mzee anakula bila kulalamika!

Waliopendekeza mafuta ya nazi, ni kweli Kerala, jimbo la kusini mwa India, wanayapikia sana. Lakini zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta ya aina inayoganda, yanayopandisha lehemu mbaya, kwa hiyo kwa mgonjwa wangu nimeyaweka kando. Vanaspati, ile samli ya kiwandani, nimeipiga marufuku kabisa. Huwa na mafuta ya trans, yale yanayotokea mafuta ya maji yakigandishwa kiwandani, nayo hupandisha lehemu mbaya. India yenyewe tangu 2022 imeyabana yasizidi asilimia 2.

Sambusa bado zipo, wikendi tu, na mafuta yaliyokaangia siyarudii. Mwezi ujao anapima damu tena, nitawaletea majibu.