Backup ya ruta kwa betri za laptop: ruta inawaka inazima, na betri inaisha hata umeme ukiwepo

kijana_wa_uyole
Habari za sa hizi wakuu. Huku kwetu Mbeya mvua ikianza tu umeme unakatika, na mi masomo yangu ni ya mtandaoni, sasa nikasema ngoja nitengeneze backup ya ruta mwenyewe. Nilipata betri mbili za laptop mbovu kwa fundi, nikazifungua nikatoa seli sita nzima za 18650 (zile za duara ndefu za lithiamu), zote zilikuwa juu ya volti 3.8. Nikaziunga zote sambamba, chaja ni ile bodi ndogo ya TP4056, halafu MT3608 ya kupandisha hadi volti 12. Ruta yangu imeandikwa 12V 1A.

Bila mzigo mita inasoma 12.05 safi kabisa. Nikichomeka ruta taa zinawaka zote, sekunde chache zinazima, zinawaka tena, hivyo hivyo. Saa nyingine inakubali, ila watu wawili watatu wakiunga wifi inakufa. MT3608 ukiigusa inaunguza kidole. Na kinachonichanganya zaidi, niliiacha usiku mzima chaja iko kwenye umeme na umeme haukukatika, asubuhi napima seli nakuta 3.3. Yaani inachajiwa huku inashuka?? Naombeni msaada, nimeshatumia hela na sitaki kuitupa hii kazi.

fundi_mwanga
Mkuu hujaharibu kitu, seli zako ni nzima, tatizo ni hesabu ya wati. Ruta yako ikitulia inakula labda ampia 0.6, hiyo kwa volti 12 ni wati 7 na kitu. TP4056 inatoa ampia 1 tu kwa volti kama 4, yaani wati 4. Unaingiza 4 unatoa 7, na zingine zinapotea kama joto kwenye MT3608, lazima betri ishuke hata umeme ukiwepo mwaka mzima.

Hiyo ya kuwaka na kuzima nayo ni mambo yale yale. Ruta ikianza inavuta karibu ampia 1, wati 12. Kuzipata hizo kutoka volti 3.6 ukiweka na hasara unahitaji karibu ampia 4 upande wa betri, na hiyo bodi ndogo ya MT3608 haiziwezi, ukiipa zaidi ya ampia 2 inateseka. Na kama TP4056 yako ni ile yenye ulinzi, inakata yenyewe kwenye ampia 3 hivi. Volti inaanguka, ruta inazima, mzigo unapungua, inawaka tena.

Badilisha mpango: panga mbili mbili sambamba, halafu hizo jozi tatu mfululizo, weka BMS ya 3S (bodi ya kulinda betri, ya seli tatu mfululizo) na chaja ya 12.6V 2A. Hapo kwenye betri utavuta chini ya ampia 1 na kila kitu kitakaa baridi. Adapta ya zamani ya ruta usiitumie kuchaji, haifiki 12.6.

mwas_wa_luthuli
Boss hapo juu ameongea ukweli, mimi naongeza kitu moja tu na tafadhali usiipuuze. Angalia ile plastiki imefunika seli, hasa kichwani upande wa chanya. Bati lote la seli ni hasi, hadi ule ukingo unaozunguka chanya, kuna nafasi ndogo sana katikati. Plastiki ikichanika hapo na ule ukanda wa nikeli wa kuunga seli upite juu yake, hiyo ni shoti na hakuna fyuzi. Weka zile pete za karatasi za kuzuia umeme hapo kichwani kwanza. Na usichomelee risasi moja kwa moja kwa seli, joto linaiua ndani, tafuta mtu ako na mashine ya spot ya kuchomelea nikeli. Huku Luthuli, Nairobi, wanakupigia ukingoja.

Pia chaji kila seli hadi 4.2 uiache wiki moja bila kuguswa. Yenye imeshuka chini ya 4.0 achana nayo.

kijana_wa_uyole
Wakuu nimerudi. Seli moja ilishuka hadi 3.7 ndani ya wiki nikaitoa, nikapata nyingine. Waya za BMS nilizipima moja moja kabla ya kuunga, B1 ikasoma 4.1, B2 8.2, B+ 12.3. Upande wa kutoa umeme kwenda kwa ruta nimeweka moduli inayopandisha na kushusha volti, nimeifunga kwenye 12. Jana umeme umekatika saa moja jioni, ruta haikuzima hata sekunde, imeenda masaa manne na dakika ishirini, bodi vuguvugu tu!! Nimefurahi mno, asanteni sana. Swali la mwisho, boksi la plastiki lililofunikwa kabisa linafaa?

fundi_mwanga
Hongera sana mdogo wangu. Toboa matundu pande mbili, weka mbali na pazia na kitanda, na ongeza fyuzi ya ampia 5 kwenye waya wa chanya kabla hujafunga.