Vinland Saga imeisha. Nimwambieje baba yangu mwisho wake?

BintiWaKatesh

Wapendwa, nitautaja mwisho wa hadithi humu. Kama hujamaliza, ishia hapa, urudi ukishamaliza.

Sura ya 220, ya mwisho ya hii hadithi ya picha (manga) ya Kijapani, ilipotoka mwezi Julai 2025 niliisoma usiku, taa imezimwa, mwanangu amelala ubavuni. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilirudi nyuma kurasa nne nikasoma tena polepole, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria kwa sababu wali umekwisha na bado ana hamu. Makoto Yukimura alianza kuichora mwaka 2005, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Miaka ishirini mtu mmoja anachora hadithi moja. Mimi nimeifuata kwa miaka kumi, na ninaomba ushauri kwa jambo ambalo huku nyumbani hakuna wa kunielewa nikilieleza.

Baba yangu hasomi Kiingereza. Ni Mnyiramba aliyehamia Hanang kufuata kazi, akawa dereva wa trekta kwenye mojawapo ya yale mashamba makubwa ya ngano yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada. Yalikuwa saba, kila moja kama ekari 10,000. Mtu ukianza mstari asubuhi, anasema, unageuza trekta jua limeshapanda. Siku moja mwaka 2016 nilikuwa likizo, nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko nasoma kwenye simu. Akapita nyuma yangu, akaona picha ya vijana wawili, Thorfinn na mwenzake Einar, wamekiinamia kisiki. Akauliza, "Hao wanafanya nini?" Nikamwambia ni watumwa, wamepewa msitu waufyeke, wakipanda ngano na kuvuna vya kutosha watajinunua wawe huru. Akaichukua simu, akaisogeza karibu na jicho, akaiangalia kwa muda. Akasema, "Hawajakata mizizi ya pembeni. Hapo watavuta mpaka kesho."

Na kweli, wanavuta wee, hakitoki. Nilipomsomea kwamba mwisho wake wanahitaji farasi na plau ya yule mzee Sverkel, baba alitikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi.

Basi ikawa hivyo. Yeye hakuanzia mwanzo kama sisi. Alimkuta Thorfinn tayari mtumwa shambani kwa tajiri Ketil, na kwake yule ni "kijana wa ngano" tu. Zile mbegu zilipoota na vibarua huru wakazing'oa kwa wivu, baba alizima redio akakaa kimya hadi chakula kikapoa. Baadaye ndipo nilimweleza juu juu kwamba huyu kijana, kabla ya shamba, aliua watu wengi sana katika genge la Askeladd akitafuta kulipiza kisasi cha baba yake. Nilidhani atamkataa. Akasema, "Ndiyo maana analima vile."

Nikiwa mbali, kila mwisho wa mwezi alikuwa ananipigia: yule kijana amefika wapi? Kuna miezi nilimjibu kwamba hakuna sura, mchoraji amepumzika. "Naye ni mtu," anasema, "apumzike." Akanipigia tena mwezi unaofuata.

Walipovuka bahari na mbegu zao kwenda Vinland, nchi mpya ya mbali, alifurahi sana. Akalipenda lile sharti la Thorfinn kwamba hakuna upanga kuingia kule. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Huko kuna wenyewe?" Nikamwambia wapo, wanajiita Lnu, na Thorfinn anajitahidi kuelewana nao, wanabadilishana vitu, wanajifunza maneno. Baba akanyamaza. Nikadhani simu imekata.

Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu yeyote nyumbani. Kwenye yale mashamba ya Hanang kulikuwa na bung'eda, makaburi ya wazee wa Kibarabaig, wafugaji wenyeji wa kule, vichuguu vya udongo vilivyojengwa kwa heshima. Asubuhi moja alikuta mzee amesimama mbele ya kichuguu na fimbo yake, hatukani, haongei, amesimama tu. Baba akapiga kona, akapita pembeni. Kesho yake akapangwa upande mwingine. Aliporudi pale baada ya wiki, pamenyooka, pamelimwa, mzee hayupo. Akaniambia, "Ngoja tuone kijana wa ngano. Labda yeye ataweza."

Sasa mnajua kilichotokea. Hakuweza. Damu imemwagika, na Thorfinn anawaondoa watu wake, wanaacha nyumba na mashamba. Baba amenipigia mara mbili nikamwambia sijasoma. Sijawahi kumdanganya kwenye hadithi hii. Nimwambieje? Na ninyi wenyewe, mmeiagaje?

---

Nahodha_Tanga

Dada, pole na hongera. Mpe mzee shikamoo yangu.

Mimi niliingilia kwenye anime (katuni ya video) ya 2019, nikapenda vita, nikampenda yule jitu Thorkell anavyong'oa gogo zima na kulirusha. Lilipokuja lile shamba nikaacha kabisa. Niliona nimeibiwa hadithi yangu. Kurasa na kurasa za watu wanalima! Nilikaa karibu miaka miwili bila kugusa. Kilichonirudisha ni msiba wa nyumbani ambao sitaueleza hapa, ila nilijikuta nina hasira na mtu mmoja, usiku silali, napanga nitakavyomfanya. Nikaifungua tena sijui kwa nini. Nikakuta Thorfinn anapigwa ngumi mia moja, hazirudishi, ili tu aruhusiwe kuzungumza na mfalme Canute. Anaulizwa kwa nini hapigani, anasema hana adui. Niliweka simu chini nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka adhana ya alfajiri.

Kwa hiyo ushauri wangu: usimpunguzie mzee hata neno. Mtu aliyeona mizizi ya pembeni kwenye picha atajua ukiruka kitu.

Kuaga kwangu kumekuwa kidogo tu. Nilimtumia ujumbe yule mtu niliyekuwa na hasira naye. Salamu tu. Amejibu.

---

Chotara254

Mimi kwa maoni yangu usimwambie. Mwache na hadithi yake. Mzee wa miaka hiyo, ana mzigo wake, wewe unamwendea na habari kwamba hata kijana wake ameshindwa? Mwambie mchoraji amepumzika. Si uongo sana, kweli amepumzika.

---

MamaZuhra

Chotara, nakuelewa, na najua umesema kwa huruma. Lakini mimi nimemuuguza mama yangu hapa Mombasa miaka mitatu, na nilijifunza kwamba wazee hujua wanapofichwa. Ukimficha jambo anakuwa na mambo mawili: lile jambo, na kwamba wewe unamwona hawezi kulibeba.

Binti, mimi ningemwambia kwa mdomo, ana kwa ana, siyo kwenye simu. Subiri uende nyumbani. Na ningeanza na Gudrid, si na vita. Yule mwanamke aliyekataa kukaa ndani akataka kuendesha meli. Kila mtu humu anamlilia Thorfinn na Einar, mimi nimemuaga yeye. Niliposoma juzuu zile anaposhika usukani nilikuwa naendesha daladala ya familia yetu, mwanamke peke yangu katika njia yangu, na abiria wengine wakiniona wanashuka. Nilichapisha ukurasa mmoja kwenye steshenari nikaubandika ndani ya kabati la nguo. Bado upo. Ndiyo kuaga kwangu, sijaubandua.

---

MwalimuWaHistoria

Nimesita kuandika kwa sababu swali lako si la historia. Lakini baba yako anaonekana mtu anayetaka kujua kama jambo ni la kweli, basi haya unaweza kumpelekea.

Thorfinn Karlsefni alikuwepo. Habari zake zimo katika saga (masimulizi ya kale) mbili za Iceland, ile ya Wagreenland na ile ya Erik Mwekundu, zilizoandikwa zaidi ya miaka mia mbili baada ya safari zenyewe. Zote mbili zinasema alikwenda Vinland na mkewe Gudrid, wakapata mtoto huko, Snorri, kisha wakagombana na wenyeji wakarudi. Kwa hiyo Yukimura alijua tangu sura ya kwanza kwamba wataondoka. Hilo ndilo ninalomheshimia: alikuwa na mwisho uliokwisha andikwa na wengine, akatumia miaka ishirini kutafuta mtu ambaye angeuchagua.

Na mahali walipokaa Wanorse, watu wa kaskazini mwa Ulaya kama Thorfinn, ng'ambo ile pamepatikana. Mwaka 1960 Helge Ingstad na mkewe Anne Stine walionyeshwa vilima vya nyasi huko L'Anse aux Meadows, kaskazini mwa kisiwa cha Newfoundland. Walipochimba wakakuta misingi ya majengo manane ya Wanorse, pini ya shaba nyeusi ya kufungia joho, na kigurudumu cha jiwe cha kusokotea nyuzi. Hicho kigurudumu mimi kinanigusa kuliko panga zote za makumbusho, kwa sababu kusokota ilikuwa kazi ya wanawake, maana yake huenda wanawake nao walikuwepo. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kwamba miti iliyokatwa pale kwa zana za chuma ilikatwa mwaka 1021. Walijua kwa pete za mti: mwaka 993 ulitokea mnururisho mkali kutoka angani uliobaki ndani ya miti ya dunia nzima, wakahesabu pete kuanzia hapo hadi kwenye gome. Ishirini na nane.

Newfoundland leo ni Kanada. Baba yako ataliona hilo kabla hujamaliza sentensi: katika hadithi, waliopeleka ngano kule kwa wenyewe wakashindwa, na nchi hiyohiyo ikaja kuisaidia ngano ya Hanang. Wabarabaig walikwenda mahakamani miaka ya 1980 kudai ardhi yao ya malisho, hilo nalo ni historia iliyoandikwa. Mimi nisingelikwepa. Ameshalibeba peke yake muda mrefu.

---

Nahodha_Tanga

Mwalimu, pete ishirini na nane. Mtu alisimama pale na shoka, halafu tunamjua mwaka. Nimesisimka.

---

BintiWaKatesh

Nimerudi. Asanteni wote, na Chotara usijisikie vibaya, nusu ya moyo wangu ilikuwa upande wako.

Nilikwenda Katesh Ijumaa. Jumamosi baada ya chai tulikuwa uani tunachambua maharage, ungo mmoja kati yetu. Mlima umefunikwa na wingu kama kawaida. Nikamwambia, "Baba, kijana wa ngano hadithi yake imeisha." Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua. Ungekuwa umepiga."

Nikamweleza yote. Nilianza na Gudrid kama MamaZuhra alivyosema, na nilifanya vyema, kwa sababu baba humwita "dereva". Nikamweleza hofu ya Lnu, mganga wao aliyeona katika maono mambo yatakayowapata watu wake baadaye, mapigano, waliokufa. Vidole vyake havikusimama, anatoa mawe, anatoa mabovu. Nilipofika kwenye kuondoka ndipo vikasimama.

Akauliza, "Walifukuzwa au yeye ndiye aliyeamua?"

Nikasema aliamua. Angeweza kubaki apigane, wapo waliotaka hivyo.

"Na mashamba yalikuwa yameshaota?"

"Yameshaota, baba."

Akakaa. Kuku akaja akadonoa ungo, hakumfukuza, na yeye ni mtu wa kufukuza kuku. Kisha akasema taratibu, "Kuacha ngano iliyoota. Mimi nilikuwa na gari la kupita pembeni tu, na nikaona nimefanya kubwa." Macho yake yalikuwa yamelowa lakini sauti ilikuwa ileile. Nikamweleza ya pete ishirini na nane na kile kigurudumu cha nyuzi. Alinitaka nirudie pale pa Kanada. Akacheka kidogo kwa puani, siyo kicheko cha furaha, akaniambia jina la yule mzee wa fimbo. Kumbe alilitafuta. Miaka yote hiyo analijua jina lake na la ukoo wake, na anajua wajukuu wanaishi wapi. Ameniomba tukiwa na nauli twende kuwasalimia. Nimesema mwezi ujao.

Jioni, nimeshaanza kufunga begi, akaja mlangoni na kigoda chake. "Mimi mwanzo sikuusikia," anasema. "Nilikuja kati. Leta simu."

Kwa hiyo tumeanza sura ya kwanza. Tuko kwenye ile ngome ya Wafaranki, watu wa Askeladd wamebeba meli zao mabegani wanapita nazo nchi kavu ili watokee ziwani kwa nyuma. Hatujavuka hapo kwa sababu baba anataka kujua meli moja ilibebwa na watu wangapi, na amenituma nihesabu vichwa kwenye picha.