Naomba ushauri: nilipe nani kabla ya kuomba kufilisika?

Habari za jioni wakuu. Nauza mitumba Kiborloni, Moshi. Nadaiwa benki milioni 14, kikoba milioni 3, shemeji milioni 2. Mtaji umekata, belo la mwisho nimelifungua, nusu makoti yana ukungu.

Nafikiria kwenda Mahakama Kuu kwa Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25. Shemeji anataka nimlipe yeye kwanza, kimyakimya. Mdogo wangu naye anasema pikipiki niiandikishe kwa jina lake. Mimi naona huko ni kuficha mali, mahakama inaweza kutengua. (Kihamba, yaani shamba la nyumbani kule Kibosho, sigusi, ni cha ukoo.)

Je, niendelee na marejesho ya kikoba, au nisimamishe yote hadi nimwone wakili? Na hela ya wakili natoa wapi, jamani?