Mtu mweusi katika filamu na tamthilia za Ufaransa: je, ukoloni bado unagawa nafasi?

Mwalimu wa Kifaransa, Arusha
Ndugu wanajukwaa, wiki iliyopita niliwaonyesha wanafunzi wangu ile filamu ya mwaka 2011, *Intouchables*, ambamo Omar Sy anaigiza kijana wa vitongoji vya Paris anayemtunza tajiri aliyepooza. Darasa lilikuwa likicheka vizuri mpaka ilipofika sherehe ya kuzaliwa kwa tajiri, pale kijana anapoanza kucheza huku wageni waliovaa suti wakimkodolea macho. Hapo mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini mtu mweusi ndiye anayepewa kazi ya kuchangamsha nyumba ya watu. Sy alipata tuzo ya César, tuzo kuu ya filamu ya Ufaransa, ya mwigizaji bora mwaka 2012, mweusi wa kwanza kuipata, kwa hiyo simbezi hata kidogo. Ninachouliza ni kama ni haki kuubebesha ukoloni lawama hii, au ni mambo ya soko tu.

Mpiga picha mstaafu
Mwalimu, soko lipo, lakini kabla ya soko kulikuwa na kibali. Mwaka 1934 Pierre Laval, aliyekuwa waziri wa makoloni, alitoa amri kwamba yeyote anayetaka kupiga filamu katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika apate kwanza ruhusa ya serikali. Paulin Vieyra alihitimu chuo cha filamu mjini Paris akanyimwa ruhusa ya kwenda kupiga filamu Afrika, basi mwaka 1955 yeye na wenzake wakaielekeza kamera kwa Waafrika waliokuwa wakiishi Paris kwenyewe. Hata Mfaransa hakusalimika: René Vautier alipoonyesha ukatili wa wakoloni Afrika Magharibi katika filamu yake ya mwaka 1950, alifungwa jela, na filamu ikapigwa marufuku kwa zaidi ya miaka 40. Watazamaji wa Ufaransa walilelewa na picha za Mwafrika ambazo Mwafrika mwenyewe hakuruhusiwa kuzipiga.

Mpenda jukwaa
Kwenye tamthilia amri haikuhitajika, desturi ilitosha. Mwishoni mwa karne ya 19 Rafael Padilla, mzaliwa wa Kuba aliyejulikana Paris kwa jina la Chocolat, alipata umaarufu katika sarakasi kwa kupigwa makofi na mwenzake mzungu, Foottit, na watu walilipa kiingilio kuyatazama makofi hayo. Mwaka 1956 waigizaji weusi waliunda kikundi chao, Les Griots, na miaka mitatu baadaye wakaigiza *Les Nègres* (Weusi), tamthilia ya mwandishi Mfaransa Jean Genet, ambayo malkia, gavana, hakimu na mmisionari wake ni waigizaji weusi waliovaa vinyago vyeupe. Nimeisoma mara nyingi na bado inanikosesha raha, kama mwandishi alivyokusudia.

Comédie-Française, kikundi cha tamthilia cha taifa la Ufaransa kilichoanzishwa mwaka 1680, kilimwajiri mwigizaji mweusi wa kwanza, Georges Aminel, mwaka 1967. Wafaransa wengi wanaijua sauti yake bila kuijua sura yake, kwa sababu ndiye aliyemsemea kwa Kifaransa Darth Vader, yule mhusika mwovu wa filamu za *Star Wars*. Bakary Sangaré wa Mali alifanywa mwanachama kamili wa kikundi hicho mwaka 2013.

Mkaazi wa Marseille
Nakubaliana nanyi, ila tusiyaache yote zamani. Katika filamu ya mwaka 2010, mwandishi wa riwaya Alexandre Dumas, ambaye bibi yake alikuwa mtumwa katika nchi ambayo leo ni Haiti, aliigizwa na Gérard Depardieu, mwigizaji mzungu, aliyetiwa weusi usoni na kuvikwa nywele za bandia za kipilipili. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1978 inabana sana ukusanyaji wa takwimu za rangi na asili, hivyo anayelalamika huambiwa alete ushahidi ambao ni vigumu kuupata. Ndiyo maana mwigizaji Aïssa Maïga, aliyeongoza uandishi wa kitabu cha waigizaji wa kike weusi 16 mwaka 2018, alisimama kwenye tuzo za César mwaka 2020 akawahesabu weusi waliokuwemo ukumbini.

Mwalimu wa Kifaransa, Arusha
Nimewaelewa, ahsanteni. Niwaonyeshe nini baada ya hapo?

Mpiga picha mstaafu
Filamu ya *Rue Cases-Nègres* ya Euzhan Palcy, ya mwaka 1983. Ni Martinique, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Ufaransa, katika miaka ya 1930, na Darling Légitimus anaigiza bibi anayelima miwa ili mjukuu asome, nafasi iliyompatia tuzo katika tamasha la filamu la Venice. Mwambie mwanafunzi wako amwangalie pia Léopold, mtoto chotara ambaye baba yake mzungu anakataa kumpa jina lake.